Saa Moja Mpaka Ukunda

Mke wa kaka ya mume wangu alituambia ni saa moja. Alisema kwa simu, kwa ile sauti ya watu wanaokaa mahali penye joto na hawana haraka: kutoka Nanyuki mpaka Ukunda kwa ndege ni saa moja na kitu, chai uliyokunywa asubuhi haijashuka vizuri tumboni na umeshafika. Alikuwa anaongea na mama mkwe wangu. Simu ilikuwa juu ya meza na sauti imefunguliwa yote, na mimi nilikuwa hapo hapo nikimlisha mtoto wangu viazi vya kupondwa. Hakuna aliyeniambia nitoke, kwa hivyo nilisikia kila kitu.

Alitaka shosho, yaani huyo mama mkwe, aende kumsaidia. Alikuwa amejifungua msichana na likizo yake ilikuwa inaisha, na wasichana wa kazi wa huko, alisema, huwezi kuwaamini na mtoto mchanga. Mwezi mmoja, labda miwili. Tiketi angetoa yeye, kwa sababu anafanya kazi ya kukata tiketi katika uwanja wa ndege wa Ukunda, kule Pwani, na watu kama yeye hupewa nafasi kwa bei ya wafanyakazi. "Na ukituchoka, Mama, unapanda ndege Ijumaa, unaenda kuona huyo mwingine, Jumatatu uko huku. Ni saa moja tu. Ni kama kwenda Karatina sokoni."

Huyo mwingine ni mtoto wangu.

Lazima nieleze habari ya jina, ndiyo mtu aelewe kwa nini kijiko kilinianguka mkononi. Kwetu, msichana wa kwanza wa kila mwana hupewa jina la mama ya baba. Nyumba ikiwa na wana watatu, unaweza kukuta wasichana watatu wa jina moja wanakimbizana uani, na ukiita mmoja wanageuka wote. Tena watu hawasemi umempa mtoto jina la mama mkwe. Wanasema umemzaa. Na mimi ndiye niliyemzaa mama mkwe wangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Yule wa Ukunda aliolewa kabla yangu, na mume wake ndiye mkubwa, lakini alikuwa amezaa wavulana wawili. Mimi, mke wa kitindamimba, mtoto wa mchuma chai wa Kianyaga, niliingia katika hiyo nyumba na kuzaa msichana mara ya kwanza.

Mama mkwe alikuja hospitali na kitambaa kipya kichwani. Alimfunua mtoto, akamwangalia masikio, akamwangalia vidole vya miguu, akasema, "Kumbe hivi ndivyo nilivyokuwa." Wale wanawake wengine katika wodi walicheka, na mimi nilicheka mpaka nyuzi zikaniuma. Alinipikia njahi, zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe ambazo kwetu hupikiwa mwanamke aliyejifungua, akazileta kila siku zikiwa moto, na alikaa akinitazama mpaka nimalize. Mama yangu mzazi hakuwa na nafasi hiyo. Yeye majani ya chai hayamngoji. Kwa hivyo nilimpenda mama mkwe wangu, na siogopi kusema, nilimpenda kwa pupa, kama kitu nilichoshinda.

Halafu yule naye akamzaa. Picha ilikuja katika grupu ya familia, mtoto amefungwa blanketi la rangi ya maziwa, na chini yake wameandika jina. Jina la mtoto wangu. Najua ni haki yao. Desturi ni desturi na hakuna mahali nitaenda kushtaki. Lakini nilihisi kama mtu aliyeona jirani amevaa nguo yake.

Na shida haikuwa jina peke yake. Nilikuwa nimepata kazi mjini Nyeri, katika duka la kushona sare za shule, ya kwanza ya maana tangu nimalize kidato cha nne. Mama mwenye duka alikuwa ameniweka kwenye mashine ya kuzungushia kingo za nguo, na aliniambia waziwazi kuwa mimi ni wa majaribio mpaka shule zifunguliwe. Ukikosa siku, umejiondoa mwenyewe. Mtoto wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, na mtu aliyekuwa anabaki naye, kila siku, bila kulalamika, ni mama mkwe. Akienda Ukunda, mtoto hana mtu. Mtoto akikosa mtu, mimi sina kazi. Ilikuwa ni hesabu ya darasa la pili na katika ile nyumba hakuna mtu aliyeifanya isipokuwa mimi.

Nilimwambia mume wangu. Yeye ni wa bodaboda, anangojea abiria steji ya pale chini kwenye lami, na ni mtu mzuri mpaka kaka yake atajwe. Kaka yake akitajwa anakuwa kama mtoto aliyepelekwa kwa ofisi ya mwalimu mkuu. Alisema mama hajawahi kupanda ndege maisha yake yote, tunataka kumnyima hiyo? Alisema pia kwamba si mbali, ni saa moja. Hata yeye alikuwa ameshaimeza.

Basi kesho yake, saa ya chakula, nilitoa simu pale kazini nikatafuta. Kuna ukurasa unaopima umbali wa ndege kati ya viwanja viwili, vyovyote unavyotaka. Unaandika Nanyuki, unaandika Ukunda, unachorewa mstari. Ulianza hapa ubavuni mwa mlima, ukakata juu ya Ukambani na juu ya mbuga, ukaenda kugusa bahari, umenyooka kama uzi uliovutwa na watu wawili. Kilomita mia tano na kitu. Muda, saa moja na kitu. Nilikaribia kuamini. Lakini mimi ni mtu wa kusoma mpaka chini, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba hakuna ndege inayokwenda moja kwa moja kati ya viwanja hivyo. Ile saa moja ni ya mstari. Ni ya ndege ambayo haipo. Mtu wa kweli mwenye miguu anapanda Nanyuki, anashuka Nairobi katika uwanja mdogo, anakaa, anangoja nyingine ya kwenda Pwani, na hiyo nayo inaweza kuteremka mahali njiani kuacha watalii.

Nilimwonyesha mume wangu. Aliangalia, akasema, "Lakini hapa wameandika saa moja." Nikamwambia asome chini. Akasema macho yake yamechoka na vumbi.

Mama mkwe mwenyewe hakuniuliza. Hilo ndilo lililoniuma. Angeniuliza ningesema nenda, pengine, labda. Lakini alianza tu kupanga vitu vyake huku akiimba imba, na akamwambia kila mtu kanisani. Wanawake wa kanisa walikuja nyumbani kumtembelea kama anakwenda Ulaya. Mmoja alimuuliza kama huko juu mtu anaweza kuona kwake. Mwingine akasema aangalie vizuri asije akachukuliwa na Mungu kwa bahati mbaya kwa vile atakuwa karibu. Alicheka akajifuta machozi. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu siku ile wodini, na nilisimama jikoni nikiosha vikombe vya watu hao nikitamani ndege zote zikose mafuta.

Sasa, yule wa Ukunda alikuwa amemwambia jambo moja mara tatu: Mama, usibebe kitu, huku kila kitu kiko. Lakini kwetu, mwenyeji akikuambia usibebe kitu, hiyo ni adabu yake. Adabu yako wewe ni kubeba. Ni mwanamke gani ataenda kuona mtoto ambaye ni yeye mwenyewe amezaliwa tena akiwa anapunga mikono mitupu? Hakuna hata mmoja wetu, hata mimi niliyesoma ule ukurasa mpaka chini, aliyefikiria kwamba yule dada alikuwa anamaanisha hasa alichosema. Kwa hivyo tulifunga mizigo. Nduma, yale magimbi ya kule mtoni, ndizi za kuchemsha, viazi vitamu, miwa iliyokatwa vipande, maparachichi yaliyofungwa moja moja kwa gazeti, jagi la uji uliochachuka likiwa limekazwa kwa nailoni, na njahi. Gunia moja na kiondo kimoja cha kusuka. Nilishona mdomo wa gunia mimi mwenyewe. Nilishona vizuri pia, sijui kwa nini.

Siku ya safari, Jumapili ambayo duka limefungwa, jirani alitubeba kwa gari lake, mimi na mtoto nyuma na mama mkwe mbele kama bibi harusi. Mume wangu alitufuata kwa pikipiki. Mlima ulikuwa wazi, mweupe juu, kama unavyokuwa asubuhi kabla haujajifunika. Tulipopita Naro Moru mama mkwe alimwambia jirani apunguze mwendo ili watu wamwone, na hakuna mtu wa kule anayemjua.

Kile kiwanja cha Nanyuki si kitu unachofikiria mtu akisema kiwanja cha ndege. Ni njia ya lami katikati ya nyasi, na kando yake kuna bustani yenye meza ambapo watu wanakunywa kahawa wakiangalia ndege zikishuka. Wazungu wenye kofia za nguo na viatu vya rangi ya vumbi. Mama mmoja wa rika langu, Mkenya kama mimi, alikuwa amekaa na mtoto wa umri wa wangu, mtoto ana vifaa vya kuziba masikio, wanangoja kwenda mbuga ya Mara kama sisi tunavyongoja kusagiwa unga. Nilimwangalia viatu. Nilimwangalia mpaka akatabasamu, na mimi sikumrudishia. Nimezaliwa chini ya huu mlima, ndege hizo zimepita juu ya kichwa changu tangu nikiwa mgongoni kwa mama akichuma chai, na sijui hata mlango wake unafunguka upande gani.

Dada wa mapokezi alikuwa na heshima. Alisema, "Karibu, Mama. Weka mzigo hapa tupime." Mume wangu na jirani waliinua gunia wote wawili, na mizani ikatoa sauti ya kulalamika. Yule dada aliangalia, akatuangalia sisi, akaangalia tena.

"Mama, ndege yetu ni ndogo. Kila mtu ni kilo kumi na tano, na iwe begi laini. Hii tu peke yake ni mtu mzima."

Mama mkwe alimwambia kwa upole kwamba hicho ni chakula cha mwanamke aliyejifungua. Yule dada akasema anaelewa, hata yeye ni mama, lakini ndege haielewi. Kisha akamwomba apande yeye mwenyewe kwenye mizani, na mkoba wake, kwa sababu ndege ndogo wanapima na watu. Mama mkwe wangu ni mwenye mwili na ni mwenye haya. Alisimama pale na koti lake la kanisani, wazungu wakipita, nambari ikasomwa kwa sauti ili mwingine aandike.

"Kwani mimi ni mbuzi?" aliniuliza, kwa Kikuyu, bila kugeuza kichwa.

Ningefurahi. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi tangu siku ya ile simu. Lakini nilipomwona anashuka kwenye ile mizani akishika meza, hasira yangu ilihama, ikawaendea watu waliomwambia ni saa moja na hawakumwambia habari ya kupimwa.

Tulikata nyuzi zangu kwa kisu cha watu wa kahawa. Alipiga magoti kando ya mzigo wake, palepale kwenye sakafu inayong'aa, akaanza kuchagua. Miwa, ikawekwa kando. Ndizi, kando. Jagi la uji, yule dada alitikisa kichwa kabla hata hajaulizwa. Nduma alizipakata kwanza, akazinusa udongo wake, akaziweka kando. Mwishoni akabaki na nguo zake chache, maparachichi manne, na njahi. Njahi hakuziacha. Alizibonyeza chini ya nguo, kwa kiganja chote, na mimi nilikuwa naangalia kile kiganja. Nilidhani zile njahi zilipikwa kwa ajili yangu. Kumbe zilikuwa za yeyote atakayezaa.

Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akanyoosha mikono.

"Mami, nipe mtoto," aliniambia. Ndivyo anavyoniita.

Nilidhani anataka kumuaga. Nikampa. Alimweka kiunoni, akamwambia yule dada kwamba huyu pia anakwenda. Mtoto wa kupakatwa si hana kiti? Yule dada akasema ndiyo, chini ya miaka miwili anapakatwa, kuna kitu kidogo cha kulipia na cheti cha kuzaliwa, wanaweza kutumiwa picha ya cheti, muda bado uko. Mume wangu aliitoa simu yake mfukoni. Nilimwona akiitoa.

"Si ni wazo zuri?" alisema. "Wewe unaendelea na kazi yako bila wasiwasi. Na watoto wajuane."

Kila mtu alinigeukia na uso wa kunipa zawadi. Na ukiangalia kwa upande mmoja ilikuwa ni zawadi: kazi yangu ingebaki, mtoto angelala kwenye nyumba yenye feni, angeona bahari kabla yangu. Nilimwona tayari amekaa kwenye zulia la yule mwanamke pamoja na yule wa jina moja, shosho katikati, na mimi ni mtu wa kupigiwa simu Jumapili.

"Mtoto haendi," nilisema.

"Mami, ni saa moja tu."

"Ni saa moja kwa mwenye kukatiwa tiketi. Mimi akishikwa na homa huko, nimtake, nitamfikia kwa saa ngapi?"

Mume wangu aliangalia pikipiki yake kule nje. Mimi nilijijibu mwenyewe kichwani: basi mpaka Nairobi, basi la usiku mpaka Mombasa, feri, gari lingine mpaka Ukunda, na ruhusa ya mama mwenye duka, ambayo haipo. Nilimchukua mtoto kwenye kiuno cha mama mkwe. Alimshika kidogo zaidi ya inavyotakiwa, mtoto akalia, akamwachilia.

"Basi kaa naye," alisema. Hakuwa na ukali. Afadhali angekuwa nao.

Alitembea mpaka kwenye ndege na begi aliloazimwa na jirani, akapanda ngazi tatu akishikwa mkono. Sikumwona dirishani. Ndege ilikimbia kwenye lami, ikapaa, ikageuka upande wa mlima ambao sasa ulikuwa umeshaanza kujifunika, na watu wa kahawa hawakuinua hata vichwa. Tulirudi Nyeri na gunia la nduma.

Jumatatu nilimbeba mtoto mgongoni mpaka kazini. Mama mwenye duka alinisimamisha mlangoni. Hakunitukana. Alinionyesha pasi za moto, sindano, mikasi, akaniuliza mimi mwenyewe ningemweka wapi. Alinipa mpaka saa tatu nimpeleke mahali. Nilifikiria majirani wote. Mmoja ana watoto wake watatu, mwingine anakunywa, mwingine angefurahi sana kunisaidia ili aseme. Nikashuka nikiwa natembea haraka, hasira ikinisukuma mgongoni, mpaka nikajikuta steji.

Mume wangu alikuwa amekaa juu ya pikipiki na wenzake wanane hivi, wanangoja abiria. Nilimfungua mtoto mgongoni, nikamweka kwenye mapaja yake, nikamwekea mfuko wa nepi kwenye usukani.

"Huyu ni wako pia. Anakula saa nne, na uji uko kwa chupa."

Niliondoka kabla hajafungua mdomo. Nyuma yangu wakaanza. Mmoja aliuliza yaya mpya anaandikwa na nani. Mwingine akasema sasa steji imepata mama, leo tutakula chapati. Mwingine, "Boss, huyo abiria wako mdogo ameshalipa ama ni wa deni?" Nilicheka peke yangu njia nzima, na nilifika kabla ya saa tatu.

Nilidhani ataenda kumtupa kwa jirani. Hakumtupa. Siku ya kwanza alikosa wateja karibu wote. Ya pili, akina mama wa sokoni walianza kumpitia makusudi waone. Ya tatu alikuwa ameshajua kubadilisha nepi nyuma ya kibanda cha mkaa, na wale wenzake waliokuwa wakimcheka walikuwa wanashindana kumbeba mtoto yeye akipeleka mtu. Jioni alinirudishia mtoto ananuka petroli na maandazi. Hatukuongea sana. Alikuwa amenikasirikia, na nilimwacha akasirike.

Kutoka Pwani zilikuwa zinakuja picha. Mama mkwe amekaa chini ya mwavuli. Mama mkwe anakula samaki ambaye kwetu hata kumgusa hawezi. Halafu ile moja: amesimama kwenye mchanga uliolowa, bila viatu, sketi ameishika juu kidogo, anacheka, na yule mtoto mchanga begani kwake. Chini waliandika: Shosho na jina yake. Nilikuwa kwenye mashine. Nilizungusha kingo za kaptula nzima nzima, mbele nikashonea nyuma, ikabidi nifumue. Jina yake, yule anayebeba jina lake. Kama hakuna mwingine duniani.

Lakini habari husafiri kutoka kwetu mpaka Ukunda bila kupitia Nairobi. Mwanamke mmoja wa kanisa alimpigia mama mkwe simu, wa pili naye, na siku hiyo hiyo akanipigia mimi. Si mwanawe. Mimi. Aliuliza ni kweli mwanawe anashinda steji na mtoto kama mwanaume aliyekimbiwa na bibi? Aliuliza kama nimeamua kumharibia jina mbele ya Nyeri nzima.

"Amebeba mtoto wake, Mama."

"Watu wanamcheka."

"Watacheka wachoke."

"Huna haya wewe?"

"Niko na kazi. Mtoto hana mtu wa kubaki naye. Kama unaona aibu, Mama, ni saa moja tu. Njoo umchukue."

Nilisikia mtoto wa yule akilia huko nyuma yake, na sauti ya feni. Akakata simu.

Alikuja Alhamisi. Hakuja kwa ndege. Nafasi ya bei ya wafanyakazi ilikuwa ya wiki nyingine na yeye hakutaka kungoja, na nafikiri pia hakutaka tena kusimama kwenye mizani. Alipanda basi la usiku, akafika miguu imefura kama mikate, ananuka chumvi na samaki wa kukaanga. Nilimwekea maji ya moto kwenye beseni. Aliingiza miguu bila kusema asante. Kuhusu ile safari ya kwenda alisema jambo moja tu, na hakuniambia mimi, alimwambia mwanawe: kwamba aliondoka Nanyuki asubuhi na akaona nyumba ya Ukunda taa zikiwa zimeshawashwa, na siku nzima alishinda kwenye benchi Nairobi akiogopa kwenda msalani asije akaachwa.

Siku mbili hakuniongelesha. Asubuhi ya Jumamosi, nikiwa natoka kwenda kazini, alitoka nyumbani kwake na kunyoosha mikono kama zamani, na mimi nikampa. Mtoto aliangalia huku na huku, akajinyonga, akapiga kelele. Alikuwa anamtaka baba yake. Alikuwa anaonyesha pikipiki kwa kidole. Mume wangu alisimama pale na kofia yake ya chuma mkononi, amefurahi mpaka anaona aibu, na mimi na mama mkwe tukamwangalia wote wawili kwa jicho moja.

Yule wa Ukunda alinipigia jioni hiyo. Nilijua ni matusi, nikajiandaa. Lakini hakuwa na matusi. Alikuwa amechoka, nilisikia kwa pumzi yake. Alisema anarudi kazini Jumatatu na hana mtu, na mume wake anasema yeye ni wa mapokezi ya hoteli, atafanya nini na mtoto. Alisema hajui hata kwa nini ananiambia mimi. Nilimhurumia, sitakataa. Kisha nikakumbuka ule mchanga, na sketi iliyoshikwa juu, na yale maneno ya chini ya picha, na huruma ikapungua.

"Sasa, dada, wewe ulifanyaje?" aliuliza.

Nikamwambia. Mfunge mtoto vizuri, chukua nepi na chupa, mpelekee baba yake pale mapokezi wakati wageni ni wengi, mweke juu ya kaunta, halafu ondoka bila kugeuka nyuma.

Alicheka sana, akasema mimi ni mtu wa vituko. Nilimngoja amalize kucheka. Kisha nikamuuliza wageni huwa wengi saa ngapi.